Gome la Muwati

Saa kumi na mbili asubuhi, Uyole.
Ukungu umelala juu ya vitalu vya viazi,
na ukungu mwingine, ule wa ugonjwa,
umelala ndani ya majani.
Mimi naufukuzia huo wa pili.

Protini yake huingia kwenye seli,
hugusa protini ya kiazi, huachia.
Ukivunja seli ukachungulia, umechelewa:
kila mmoja kashika njia yake
kama waliokopeshana bila shahidi.

Ndipo natia dawa.
Molekuli ndogo, mikono miwili, kiwiliwili chembamba.
Mkono huu hunasa laisini ya huyu,
ule hunasa ya yule.
Wakiwa mbali kuliko upana wake, haiwafikii.
Haiwapatanishi. Haiwatongozi.
Imewakuta karibu, inawafunga hivyo hivyo.

Mara ya kwanza nilizidisha.
Wasiojuana, wapita njia, wote wakagandamana,
bonge lililokataa kuingia kwenye jeli,
likakaa mlangoni kama uji wa jana.
Ambokile akacheka:
“Dada Mgaya, umefunga kijiji kizima
kwa kosa la wawili.”
Mara ya pili umeme ulikatika,
barafu ikawa maji.

Baba alimenya miwati Njombe
miaka ishirini na miwili.
Magome yakichemshwa hutoa maji mekundu,
na ngozi mbichi ikilowa humo haiozi tena:
nyuzi zake zimeshikana kwa ndani.
Hakuna aliyemweleza hivyo.
Alijua bei ya mzigo,
alijua viganja vyake havitakati kwa sabuni.
Siku naondoka kwenda chuo alikuja stendi
moja kwa moja kutoka shambani, utomvu haujakauka,
akanishika mkono juu ya shati,
akauachia upesi, kwa haya.
Shati lile ninalo.
Vidole vinne, hudhurungi. Nimelifua mara ngapi.

Dakika thelathini zimetimia.
Natia amonia, kuishibisha mikono iliyobaki mitupu.
Jioni, kwenye jeli,
juu ya mistari miwili niliyoizoea
kuna wa tatu, hafifu,
uzito wake ni wa wawili.

Sishangilii. Naandika uzito, tarehe, joto la chumba.
Nitarudia mara tatu, kisha kimeng’enya kikate,
vipande visafiri hadi kwenye mashine ya watu
iseme ni laisini ipi, na ipi.

Kesho asubuhi jua litachomoza nyuma ya vitalu
na ukungu utaondoka.
Ule mmoja.