Kofia ya Matundu Saba

Bi Mize wa Konde hakuwahi kusema.
Walipokuja wenye madaftari wakamuuliza
nani alichukuliwa, saa ngapi, gari la rangi gani,
aliwakaribisha uji wa muhogo
akaendelea kushona.

Mlango wake upo mpaka leo.
Mbao za mfenesi, na matundu saba:
matatu juu, moja lao limelegea
kama jicho la anayesinzia,
manne chini, kimo cha magoti,
pale Ngwali alipoinama kutafuta viatu.

Seremala alikuja na gundi na unga wa msumeno.
"Nikuzibie, mama. Bure."
Akamjibu: mwanangu, tundu halizibwi.
Tundu huzungushiwa uzi
lisichanike zaidi.

Hiyo ndiyo kazi yake tangu yu mwari.
Bafta nyeupe, kalamu ya risasi, sindano nyembamba,
tobo la punje ya mtama,
uzi ukizunguka, ukizunguka, ukizunguka,
mpaka utupu upate ukingo.
Wavaaji huita urembo.

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya Idi,
akaja bwana mmoja, ana gari, ana tasbihi.
Bi Mize aliijua sauti kabla hajainua uso:
ndiyo iliyosema usiku ule,
"Fungua, au tutafungua."
Sasa ilisema, "Nasikia mkono wako hauna mfano."

Akampima kichwa.
Mie nilishika ncha ya utepe, nikaona
mshipa wa shingo ya shangazi unavyopiga;
mkono, la, mkono haukutikisika.
Nilidhani atamfukuza.
Nilidhani, Mungu anisamehe, atamtia sindano.
Akapokea nusu ya fedha, akaihesabu mara mbili,
akamwandikia risiti.

Siku ya Idi bwana alikaa safu ya mbele,
kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
kofia mpya, nyeupe pe.
Khatibu akahutubu juu ya amani.
Na nyuma, safu baada ya safu,
wanaume ambao kila wakienda dukani
huupita mlango ule wakitazama pembeni,
siku hiyo hawakuwa na pembeni.
Matatu juu.
Manne chini.
Moja limelegea.

Hakukohoa mtu.
Mzee Faki aligusa goti langu kwa kidole,
mara saba, polepole,
kisha akarudisha mkono kwenye paja.

Bwana alipokea mikono yetu yote.
Yetu ilikuwa baridi, hakuuliza kwa nini.
Tangu hapo haivui: harusini, mikutanoni, mazikoni,
hata pichani, ofisini kwake, anacheka,
kabeba juu ya kichwa chake
ushahidi ambao hakuna hakimu aliyewahi kuuita.

Juzi kamtuma kijana. Anataka ya pili.

Bi Mize kalainisha uzi kwa ulimi,
kauinua kwenye mwanga, kautia sindanoni.
"Mwambie atapata," kasema.
"Ukuta wa jikoni bado sijaushona."