Tabaka la Saba

Ilikuwa picha ya simu tu, ya kupiga na kusahau:
baba mezani, Valmiera, mwezi wa tatu,
viazi vya kuchemsha, samaki wa chumvi, kitunguu,
taa ya jikoni imemwangukia kwenye upara,
nyuma yake friji na sumaku ya kampuni ya bima,
na nusu ya bega la mama aliyekuwa akipita.
Picha ya kufutwa
siku simu itakapolalamika kwamba imeshiba.

Usiku ule theluji iliporomoka paani kwa kishindo,
usingizi ukakatika, nikawasha kompyuta,
nikailaza picha chini kabisa, kama msingi wa nyumba,
juu yake nikatandika tabaka la kwanza, tupu.

Kuna kitufe cha kumaliza kazi yote kwa pumzi moja.
Nilikibonyeza, sikatai.
Baba akatoka laini kama sabuni ya hotelini,
viazi vikawa mawe ya mtoni,
mama akayeyuka akawa pazia.
Nikarudisha nyuma.

Brashi yangu ni ile yenye nywele zilizochakaa.
Ya uongo, najua: nywele hazipo, rangi haipo,
kuna kalamu ya plastiki inayokwaruza kioo.
Lakini uikandamize inanenepa, uilegeze inakonda,
na rangi mbili zikikutana mbichi, zinagombana.
Nikamtia baba kijani kwenye kivuli cha shavu,
zambarau shingoni, pale kola ilipomla.
Friji nikaizamisha katika kahawia.
Sumaku ya bima nikaing'oa bila huruma.

Alfajiri ilinikuta kwenye mkono,
wa kulia, ulioshika uma.
Tabaka la saba. Picha nilikuwa siitazami tena;
mkono wangu ulikuwa unachora mkono, basi,
ukifuata mazoea yake:
gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho.

Jumapili nikawawekea skrini kati ya sahani.
Mama akavaa miwani. Akakisifu kitunguu.
Kisha akanyamaza, midomo ikihesabu.
Baba akainama, akatafuna, akameza:
"Kiulize kilikuwa wapi miaka ishirini na sita."

Kiwanda cha mbao, zamu ya usiku, msumeno.
Mimi nilikuwa na miaka minne.
Ndio mkono ulionivusha barabara kwenda shule,
pengo lake nikilijaza kwa kidole changu,
na mimi ndiye niliyeusahau.

"Ilgvars, nyamaza," mama akasema, ingawa alikuwa kimya.
Akafungua kopo la vifungo, akachakura,
akaitoa pete, akaiweka juu ya kioo,
juu ya kidole chenyewe. Ilikuwa kubwa mno,
ikafunika mkono mzima, na uma, na kiazi.
"Kama kimerudi," akasema, "kisirudi uchi."

Sikumvisha pete. Nilichora meza,
upande wa mkate, karibu na chumvi,
duara dogo la manjano ambalo mgeni
atalidhani ni tone la siagi.
Mkono nikaurudisha ulivyo, vidole vinne na uma.

Picha imetundikwa jikoni, na mgeni husifu kitunguu.
Tabaka la saba nimelifumba jicho, sikulifuta.
Mvua ikinyesha, baba husugua hewa kando ya kidole cha kati,
husema kinamwasha, kile ambacho hakipo.
Nami simwambii kwamba najua kilipolala.