Umefika Ukurasa wa Ngapi?

Saa nne, Skolastika akishaleta ming'oko ya kuchemsha
na chumvi ya pilipili kwenye kipande cha gazeti
(gazeti hulisoma kwanza, hata likiwa la mwaka juzi),
ndipo linapoanza, banda la kubangulia, hapa Newala:
mwenzetu, umefika wapi?

Hatujibu upesi. Mikono ina mafuta ya ganda,
mafuta yasiyojua ngozi ni ipi na karatasi ni ipi,
yote huyababua.
Ndiyo maana hapa kitabu hakishikwi, kinasimuliwa.
Vyenyewe vimelala nyumbani, chini ya mto,
ndani ya kapu la unga, kabatini kwenye sahani za wageni.

Fidea yumo kwenye riwaya isiyo na jalada.
Jina halijui. Mtunzi hamjui.
Anajua tu kwamba karani wa reli ameiba barua
na binti mwenye barua yake ameshapanda treni.
"Huyo karani," anasema, akigonga, "namfahamu.
Aliwahi kunichumbia."
Tunacheka, punje inapasuka vipande viwili,
na nusu hailipwi sawa na nzima.

Bi Somoe Nampoto anasoma cha kufuga kuku.
Kila siku anatugawia ugonjwa mmoja:
juzi mdondo, jana ndui, leo kuhara damu.
Kuku wake walikwisha wote kabla hajakiazima.
Anasoma, anasema, ili angalau ajue
aliyepita uani kwake alikuwa nani.

Mwanaidi Likapa ana kamusi.
Yuko kwenye M. Alikuwa kwenye M mikorosho ilipotoa maua,
yuko kwenye M mabibo yanaoza chini.
"M haiishi, jamani. Mtu, mti, mto, mvi.
Mvi nimeipata nikiwa humohumo."

Kisha Edina, aliyejifunza kusoma ana wajukuu wawili,
anaweka kigongeo chini.
Kitabu ni cha mwanawe wa mwisho, cha darasa la pili.
"Jana," anasema, "kurasa mbili. Bila kidole."
Banda zima linanyamaza.
Tunampigia makofi kwa migongo ya mikono,
maana viganja ni vya mafuta.

"Na wewe?"

Arobaini na moja.

Wanajua. Wanauliza kwa adabu tu,
kama mgonjwa anavyoulizwa, umeamkaje.
Arobaini na moja tangu Mfungo Mosi.
Kitabu kilikuwa cha Issa.
Alipoishia aliweka stakabadhi ya chama cha msingi:
kilo mia mbili na kumi na nne, daraja la kwanza,
malipo ya pili hayajaja mpaka leo.
Mtu wa kitabuni amefika mlangoni usiku, ameshika komeo.
Hapo ukurasa unakwisha.

Naanza upya, naenda hadi kwenye komeo, narudi.
Nikifunua, nitajua jambo ambalo Issa halijui.
Hatujawahi kuachana hivyo.

Hakuna anayesema kitu. Ganda linagongwa, punje inatoka.
Fidea anataka kurudi kwa karani wake, anaona haya.
Ni Edina:
"Nije nikusomee mimi.
Mimi sikimbii. Ukurasa mmoja unanichukua wiki."
Mtu anacheka, upande wa dirishani.
Mimi sijacheka.

Jioni nikanawa kwa majivu, mara tatu, kisha kwa sabuni,
maji ya dumu la kununua, nikayamwaga bila kuyahesabu.
Stakabadhi nikaitoa. Nikaiweka kabatini,
juu ya sahani ya bluu.
Edina akaja na miwani ya kuazima, akakaa mkekani.
Kwenye ukurasa huu hakuna picha, kwa hiyo
kidole kilirudi. Kikatua juu ya neno la kwanza,
kikatetemeka kidogo, kikasubiri nikubali.

"Ko," akasoma Edina.
"Ko. Me."