Chumvi Iwekwe Nyuma

Bwana Eruani alikuja Mtwara mwaka wa bomba la gesi,
mwaka vyumba vya Shangani vilipopangishwa kwa dola
na mama ntilie wa Ligula wakajifunza kukaanga yai bila kuligeuza.
Alikuja na masanduku mawili na ramani ya duka
ambalo sakafu yake ilikuwa bado mchanga.

Aliajiri watu kumi na tisa. Mimi nikapewa stoo:
Somoe Nangumbi, kidato cha nne, hesabu nzuri.
Siku ya kwanza akatuuliza, chumvi ikae wapi?
Mlangoni, tukasema, si ndiyo inayoulizwa na kila mtu?
Akacheka mpaka miwani ikamteleza.
Chumvi iwekwe nyuma kabisa, alisema,
mteja aipite sabuni, aipite biskuti, aipite jibini,
akiifikia awe ameshabeba nusu ya duka.

Umeme ulikatika sana mwaka ule.
Gizani, juu ya kreti la soda, ndipo aliposimulia kazi yake
kwa Kiswahili cha kuokoteza,
kama mtu anayevuka matope kwa kuruka mawe:
umri miaka kumi na sita, usiku, anapakua maziwa
katika mji ambao mvua yake haina msimu;
kisha kaunta ya nyama, mashine ikamla kidole cha mwisho
(alikionyesha kisiki kama wengine wanavyoonyesha cheti);
kisha tawi, kisha matawi manne, kisha kanda nzima,
tai shingoni, gari la kampuni,
mke aliyezoea kula peke yake
mpaka akaona bora akazoelee kwingine.
Dakari. Abijani. Na sasa hapa.
"Nimefungua maduka thelathini na moja."
Nikamwuliza, yapo mangapi?
Umeme ukarudi. Friji zikaanza kunguruma.

Bomba likafika lilikokuwa linakwenda.
Wenye kofia ngumu wakapanda ndege,
jibini ikaota manyoya.
Wenyeji waliingia kufuata ubaridi,
wakatembea hadi kwenye chumvi, wakachukua chumvi,
wakatoka na chumvi.
Paris walipiga simu Alhamisi, dakika nne.
Nilizihesabu, kazi yangu ilikuwa kuhesabu.
Usiku ule alishika kalamu mwenyewe,
tukahesabu stoo kopo kwa kopo hadi adhana ya alfajiri,
na hakuna kilichopungua ila yeye.

Aliniachia bunduki ya kubandika bei
na roli kumi na mbili za karatasi.

Sasa nina duka Newala.
Ukungu huingia asubuhi kama mteja asiyenunua.
Nilijaribu, wallahi nilijaribu:
chumvi nyuma ya salfa, nyuma ya misumari ya bati.
Bi Nambunga akasimama barazani, akaita,
Somoe! Munyu!
Hakuingia. Aingie kufanya nini, ameacha kisamvu jikoni?
Nikaifuata mimi. Nikaipita sabuni, nikaipita biskuti,
nikalipita duka zima, mimi mwenye duka,
na sikununua kitu.

Ananidai mazungumzo, namdai kilo tatu za sukari.
Atalipa mnada wa pili wa korosho.
Eruani angeuliza, mdhamini wake nani?
Mdhamini ni ua la mkorosho
likinusurika na ubwiri unga.

Roli imebaki moja. Watoto wa shule
hupita niwabandike mia tano kwenye paji la uso,
wanakwenda nazo nyumbani, bei zao zikilowa kwa ukungu.

Mwaka jana alinitumia picha.
Kampuni ilimstaafisha kwa barua yenye mistari mitatu.
Ana meza moja kwenye gulio la Jumamosi, kwao:
vitunguu, mayai, mitungi ya asali,
na bakuli la chumvi ya pwani yao, ya kijivu.
Niliikuza picha kwa vidole viwili
nione ameiweka wapi.

Mbele. Karibu na ule mkono wenye vidole vinne.

Sikumwambia kitu.
Nilimwandikia bei ya korosho ya wiki ile,
na kwamba huku mvua bado.