Tike ya Machi

Mwansa binti yangu alipiga simu usiku, Oktoba, kutoka Nairobi:
"Mama, mwezi wa tatu." Hakusema zaidi.
Nikachukua chaki ya kushonea,
nikaandika miezi juu ya meza ya kukatia nguo,
na pembeni nikaacha nafasi ya bei.

Tangu hapo nilihesabu mimba mbili:
ya kwake, inayokua kwa adabu, wiki kwa wiki,
na ya tike, leo imevimba, kesho imenywea,
keshokutwa ina mapacha.

Kalonda wa ajansi ana ndege ya plastiki dirishani,
bawa moja limefungwa kwa plasta ya kidonda.
Nilimwambia: "Nipe ya bei ndogo."
Akacheka bila kuinua macho kwenye mashini.
"Mama Numbi, Desemba usiniulize kitu.
Desemba hata kiti cha karibu na choo kinajiona waziri.
Rudi sikukuu zikishapita, watu wakishalipa shule,
wakati hakuna mwenye hamu ya kwenda popote.
Na usije ukihema. Haraka ina harufu,
na mashini ina pua."

Jirani yangu Mujinga ana njia yake:
"Pita Kasumbalesa, ukapandie Ndola.
Kule tike ni nusu."
Nusu! Neno hilo nililala nalo.
Asubuhi nikalishikia chaki:
basi, saa kumi alfajiri;
foleni ya malori ya shaba, marefu kama deni;
muhuri wa hapa, muhuri wa kule,
na yule kijana wa mpakani asiye na sare lakini hulipwa;
kitanda cha Ndola, usiku mmoja;
chai, mkate, choo cha kulipia.
Nikajumlisha mara mbili.
Ile nusu ilikuwa imeokota mwenzake njiani.

Basi nikangoja.
Sijui kama umewahi kuingoja bei.
Mvua hukuonyesha wingu kwanza.
Bei ni kama ile ya shaba: mtu usiyemjua, mbali sana, anakohoa,
na huku Katuba sukari inapanda.
Nikapokea sare kumi na nne za kwaya ya parokia,
kila mshono nikiuita kilomita.

Jumanne moja ya Februari,
maji yamefika kwenye kizingiti, wateja wote wamejificha,
Kalonda akamtuma mtoto: "Mama aje sasa, kabla ya saa sita."
Sikuvua hata tepu shingoni.
Ndege ya alfajiri. Sanduku moja.
Hairudishwi, haibadilishwi.
Nikatoa dola, akazigeuza moja moja kwenye mwanga,
akaikataa moja kwa sababu ya kovu dogo kuliko kucha ya mtoto.
Nikafungua fundo la kitenge, nikampa ambayo haijaumia.

Wiki iliyofuata ilishuka dola kumi na nane.
Najua kwa sababu nilitazama.
Kalonda alikuwa ameshanionya:
"Ukishanunua, mama, pita upande wa pili wa barabara."

Sasa tike imelala katika daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha mke wa mchungaji na mabega ya Mujinga.
Kilo zangu nimezigawa:
unga wa bukari, vikanda, viwavi vikavu,
nepi kumi na mbili nilizopinda mwenyewe.
Makoti mawili nitayavaa mwilini.

Tarehe ni kumi na tisa.
Daktari anasema labda kumi na mbili, labda ishirini na tano.
Jana Mwansa aliweka simu tumboni,
nikasema na aliye ndani, polepole, kwa Kiswahili cha hapa,
akisikie kabla ya kile cha Nairobi:
"Mimi siwezi kubadilisha.
Wewe bado uko na nafasi kidogo. Jipange."

Mwansa akasema amepiga teke.
La kukubali, au la kupatana bei,
sijui.