Jina Mara Nne

Onziru alichelewa kufungua duka Jumatatu ile.
Alibeba picha nane za pasipoti
na barua ya mwenyekiti wa mtaa, wino haujakauka.
Benki ya kwanza, aliomba kadi ya biashara.
Ya pili, ya karo.
Ya tatu, mabati ya nyumba ya mama kule Terego.
Ya nne ilikuwa yetu. Alikuwa amechoka kueleza.

Alidhani kuta za benki ni nene.
Mimi nyuma ya kioo niliona jina lake
likiwaka mara nne kabla ya adhuhuri,
kama jirani anayebisha hodi Arua nzima usiku mmoja:
hata mwenye unga huuliza kwanza,
kwako kuna nini?

Nikabonyeza: imekataliwa.
"Kwani hao wengine watanipa?"
Nikapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Jioni nilipita dukani kwake.
Kitenge cha mke wangu, yadi sita,
mwisho wa mwezi nitalipa.
Akafungua daftari, akashuka na kidole.
Jina langu lilikuwemo, mara tatu.
Akaniangalia kitambo.
Akalamba ncha ya kalamu,
akaandika ya nne.