Tapeti Kumi na Sita

Nimezitandaza juu ya taulo,
kumi na sita, kila moja na namba yake,
maana tapeti haihami nyumba:
tundu ilimotoka ndimo itakamorudi.

Duane anataka za mafuta.
"Ziko kimya," asema, "na bei ni nusu."
Namwambia kimya si sifa
kwa kitu kitakachofungua valvu
mara sabini na tano ndani ya sekunde moja.
Ya mafuta ukiikimbiza hivyo hujaa,
husahau kushuka,
na valvu hubaki mlango wazi
huku pistoni yaja mbio.
Chukua ya chuma kitupu.
Asubuhi itagonga kama kijiko ndani ya bati,
lakini kugonga kwake ni hesabu:
unywele wa nafasi. Upime, urekebishe, ukalale.

Halafu rola, na ndani ya rola sindano.
Julai iliyopita ya saba ilituacha.
Sindano moja, basi.
Injini tuliizoa kwa ufagio.

Saa nne asubuhi baba akaja.
Farasi wake kamfunga kwenye trela ya Duane,
theluji ya Indiana mabegani, mayai kikapuni.
Miaka ishirini na miwili tangu nitoke kanisani
hajapanda gari langu,
na hata leo alisimama pale
mwanga wa taa ya umeme unapoishia.

Menno Schrock, fundi wa kwato.
Aliikota namba kumi na moja,
niliyokwisha kuiosha kwa mafuta ya taa,
kuipima kwa mikromita, kuipitisha chini ya lenzi,
akaiviringisha polepole
dhidi ya ukucha wa dole gumba.
"Hapa," akasema, kwa lugha ya nyumbani.

Sikuona kitu.
Nikapeleka ukucha wangu.
Kishimo, kama kilichodonolewa na ncha ya pini.
Bandu bandu, na gogo lenyewe chuma.

"Ina farasi wangapi, injini hii?"
"Elfu moja na mia nne."
"Wanakwenda wapi?"
"Robo maili."
"Kisha?"
"Tunawarudisha kwa trela."
Alicheka mpaka akashika meza,
tapeti zote kumi na sita zikatetemeka,
nami nikazikinga kwa mikono
kama mtu akingaye mshumaa.

Nimeipiga mstari kumi na moja.
Nimeagiza rola za bushi, zisizo na sindano;
Duane atanung'unika, atalipa.

Baba alipoondoka nilizima redio
nikasikiliza kwato juu ya barafu:
moja, mbili, tatu,
na ile ya nyuma, kushoto, imechelewa kidogo,
msumari unaanza kulegea.
Nikakimbilia mlangoni kumwita.
Akainua mkono bila kugeuka.
Alishasikia.